Krimu ya Keki Kwenye Shamba la Alizeti

Msianze kuangaliana. Fundi baiskeli ninayetaka kuwaambia habari zake hayumo humu kanisani, na wala hamumjui, maana nimemtunga mwenyewe jana jioni nikiwa napiga viatu rangi. Kwa hiyo mzee wangu wa baiskeli pale nyuma, legeza mabega, si wewe.

Basi, kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, huku huku kwetu kwenye mashamba ya alizeti. Mungu alimpa binti mwenye ualbino, na binti huyo alikuwa na miaka minane, yuko darasa la pili, ana maneno mengi kuliko mama yake. Yule baba alimpenda binti yake. Naomba mlishike hilo tangu sasa, maana tukifika mbele mtataka kumchukia.

Kila asubuhi, kabla binti hajakanyaga nje, baba alikuwa anampaka mafuta ya kukinga jua. Anampaka yeye mwenyewe, kwa mikono ile ile iliyoingia weusi wa grisi mpaka kwenye kucha. Masikio kwanza, kwa sababu masikio ndiyo watu husahau. Halafu shingo, uso, mikono. Kisha kofia pana, shati la mikono mirefu, ndipo mtoto aende shule. Mvua ikinyesha, anampaka. Kukiwa na msiba, anampaka. Tangu mtoto anatambaa hajaruka siku. Wanaojua jua linavyoifanya ngozi ile hawahitaji nieleze: linaanza na wekundu, vinakuja vidonda, na vidonda vingine havirudi nyuma, vinakuwa saratani.

Hofu ya baba ilikuwa moja tu, mafuta kuisha. Zahanati leo wanayo, mwezi ujao hawana, na madukani unayatafuta kwa tochi. Kwa hiyo siku dada mmoja wa kampuni ya mafuta hayo alipompigia simu, fundi alikaribia kuangusha baiskeli ya mteja.

"Baba, tumesikia habari zako na mwanao," dada akasema. "Tunataka mtokee kwenye tangazo letu. Mkikubali, mtoto atapata mafuta ya mwaka mzima."

Mwaka mzima, jamani! Wewe ungekataa? Mimi nisingekataa.

"Ila kesho asubuhi usimpake kitu," dada akaongeza. "Mafuta yakishakaa yanang'aa kwenye kamera. Tutampaka huku huku."

Asubuhi binti akasimama mlangoni, ametega sikio la kushoto kama kawaida yake. Baba akapita na pampu ya baiskeli.

"Baba, hujanipaka."

"Leo tunapakwa kule kule. Leo wewe ni staa, hujui?"

Binti akacheka, akapanda nyuma ya baiskeli, wakaenda.

Kule shambani alizeti zilikuwa zimechanua, njano mpaka unapoishia kuona. Wageni walikuwa wawili, yule dada na mpiga picha mmoja mwenye haraka zake. Binti akapewa gauni jipya lisilo na mikono, ili ngozi ionekane. Kofia ikavuliwa, kwa sababu ilikuwa inamtia kivuli usoni. Halafu, niwe mkweli, wakampaka kweli. Dada alifungua tyubu, akampaka uso mzima vizuri kabisa. Mpiga picha akachungulia kwenye kioo cha kamera, akasonya.

"Haionekani. Inaingia kwenye ngozi yote, haibaki hata alama. Watu watajuaje kwamba amepakwa?"

Mnaona shida ilipo? Yale mafuta yalikuwa yanafanya kazi yake. Yaliingia mahali pa kuingia, yakatulia. Na kwa sababu hayakuonekana, kwa mpiga picha yakawa hayafai.

Wakamfuta. Dada akawasha gari mpaka mjini kwa mama mmoja anayeoka keki, akarudi na bakuli la krimu ile nyeupe ya kupambia keki za harusi. Ile ukiipaka inasimama, inaonekana kutoka barabarani. Wakamchora binti mistari miwili mashavuni na kidoa puani, na mpiga picha akasema, "Sasa hapo!" Ilikuwa saa nne na nusu. Baba akapewa tyubu ya mafuta yenyewe, mpya, aielekeze kwenye kamera na aseme maneno haya: "Mimi ni baba yake. Kila asubuhi nampaka kwa mkono wangu. Sijawahi kuruka hata siku moja."

Mmenielewa? Mafuta ya kweli yako mkononi mwa baba. Usoni mwa mtoto iko keki.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Binti alikuwa anatoa ulimi analamba pua yake. Baba naye ulimi ulimkataa, kila akifika kwenye "hata siku moja" anasimama wima kama anamsomea risala mkuu wa wilaya. "Tunarudia!" anasema mpiga picha. Kisha nyuki wakaja. Shamba la alizeti, sukari usoni kwa mtoto, ulitegemea nini? Yule mpiga picha mwenye haraka alikuwa wa kwanza kukimbilia garini, akawaacha wenzake na kamera yake. Wakasubiri nyuki watulie. Krimu ikayeyuka, wakamfuta kwa kitambaa cha maji, wakampaka nyingine. Ikayeyuka tena, wakamfuta tena.

Saa sita na kitu binti akamvuta baba shati.

"Baba, ile yetu utanipaka saa ngapi?"

"Tukimaliza hiki kipande, mama."

Walikimaliza, kikaja kingine. Saa nane binti akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Baba, masikio yananiwasha. Nipake kidogo tu, masikio."

Hapo baba alimwangalia. Aliuona wekundu. Msinidanganye kwamba hakuuona, mtu aliyeyapaka masikio yale kila asubuhi ya Mungu. Akaitazama tyubu mkononi mwake. Akamtazama dada, aliyekuwa anaangalia saa, na mpiga picha, aliyekuwa anasema mwanga wa sasa ndio wenyewe. Akaona haya. Alifikiria, nikisimamisha kazi wataniona msumbufu, watachukua boksi lao la mafuta waende kwa mtu mwingine, na mwaka mzima mwanangu atakosa. Aliogopa, ndugu zangu. Aliogopa kwa ajili ya mtoto, na hofu hiyo hiyo ikamfanya amwache mtoto juani.

"Vumilia kidogo, mama. Watu wanatusubiri."

Binti hakuuliza tena. Alisimama pale alipoambiwa asimame, akatabasamu alipoambiwa atabasamu. Mara ya kumi na saba baba aliyasema maneno yake bila kukwama hata kidogo, na yule dada akafuta machozi. "Hata siku moja," alisema fundi, na ilikuwa kweli kwa siku zote za maisha ya mtoto yule isipokuwa hiyo.

Walirudi nyumbani saa kumi na moja, boksi limefungwa mbele ya baiskeli, binti nyuma amejiinamia, hataki shingo iguswe na upepo. Mama akatoka. Akamshusha mtoto, akamgeuza, akaona mabega, akaona masikio yameanza kutoa malengelenge. Hakupiga kelele.

"Mlikuwa wapi?"

"Kwenye tangazo."

"Tangazo la nini? Hebu nitajie kwa mdomo wako."

Baba akashusha boksi, akageuza baiskeli. Wakaenda zahanati. Nesi akasafisha, akatoa dawa, akaandika tarehe ya kurudi, kisha akamtazama baba mpaka baba akatazama sakafu. Wiki mbili binti hakwenda shule, alilala kifudifudi.

Na tangazo likatoka, zuri sana! Wekundu wote waliufuta kwenye kompyuta. Mtoto laini, baba imara, alizeti nyuma. Watu wakawa wanakuja pale kwa fundi na baiskeli ambazo hata hazijaharibika, wanamshika mkono: "Hongera baba, wewe ndiye mzazi." Anaitikia asante. Mngemwona anavyoitikia mngemhurumia.

Wiki mbili zikaisha, ngozi ikakubali. Asubuhi ya kwanza ya kurudi shule, baba akamaliza kila kitu mapema, akachukua tyubu kwenye boksi lile, akapiga magoti mlangoni amngoje mwanawe atege sikio.

Binti hakutega sikio. Alimwangalia baba yake, akanyoosha mkono, akaichukua tyubu. Akaifungua, akakamua kidogo kwenye kidole, akakitia kidole mdomoni.

Akaonja.

Akakunja uso, akatema mate pembeni. "Chungu," akasema. "Haya, nipake."

Na tangu siku ile, kila asubuhi, kabla baba yake hajamgusa, yule mtoto huonja kwanza.

Mlikuwa mnacheka nilipowaleta nyuki.

Sikilizeni sasa, maana fundi nimemaliza naye. Sisi tunajua kuchora mistari miwili mashavuni. Tunajua kuomba kwa sauti ambayo inaonekana kutoka barabarani. Wewe baba, hapa unatuombea tukalia, na huko kwako mkeo ana miezi minne hajasikia neno jema kutoka kwako. Wewe mama wa kikundi, umetugawia wote tabasamu leo, yule dada wa kazi nyumbani kwako umembakizia nini? Na watu wa nyumbani kwetu hawasemi. Wameshauliza mara mbili, tukawaambia vumilia kidogo, watu wanatusubiri. Siku hizi wanatuonja tu. Ukisema "nakupenda" wanalionja kwanza. Ukisema "tuombe" wanaonja.

Lakini nisiwageuzie ninyi vidole peke yenu. Mnakumbuka mwezi wa tatu kwaya yetu ilirekodi video ya ule wimbo wa kutembelea wagonjwa? Tulikwenda kwa Bibi Eliwaza, yule aliyepooza upande mmoja, kwa sababu nyumba yake ina mwanga mzuri. Wimbo umependwa, nasikia mpaka mikoa ya mbali. Kwenye ule wimbo kuna mchungaji amepiga magoti kando ya kitanda, ameushika mkono wa bibi, anaomba amefumba macho. Yule ni mimi. Na nilikuwa siombi. Nilikuwa nasubiri niambiwe imetosha. Iliposemwa imetosha niliuacha ule mkono juu ya blanketi, nikasimama, nikapangusa magoti. Bibi akaniuliza, "Mchungaji, utarudi lini?" Nikamwambia, wiki hii hii, bibi.

Leo tuko mwezi wa nane.

Nyumba yake ni nyuma ya ghala hapo, kwa miguu dakika kumi. Tukimaliza ibada nakwenda. Najua akiniona ataangalia kwanza nyuma yangu kama kuna kamera, na sitamlaumu, acha anionje mpaka aridhike. Anayetaka kufuatana nami tukutane pale mlangoni, simu tuziache kwa mzee wa kanisa.