Kimya cha Rumaisa

Inasimuliwa kwamba katika kitongoji kimoja cha Basra alikuwako mcha Mungu aitwaye Shuaibu, mshona matandiko ya ngamia. Hakujaaliwa ila binti mmoja, Rumaisa, aliyekuwa akiwasomesha Kurani wanawake wa mtaa ule, na baba yake alimpenda kama mboni ya jicho lake.

Tajiri mmoja akaja kumposea mwanawe. Shuaibu alifurahi mno, ila alijua kwamba sheria inamtaka amwulize binti kwanza, na moyo ulimwambia kuwa Rumaisa atakataa. Basi tazameni, jamani, hila za mja mwema! Alimvizia akiwa amesimama katika sala ya adhuhuri, akauliza kutoka mlangoni, "Mwanangu, umeridhia kuolewa na mwana wa tajiri?"

Rumaisa alikuwa mbele ya Mola wake, hakujibu.

"Alhamdulillahi," akasema mzee. "Ridhaa ya bikira ni kunyamaza kwake." Akatoka mbio kabla binti hajatoa salamu ya kumaliza sala. Tangu hapo, kila Rumaisa alipofungua kinywa, baba yake alikumbuka kazi iliyomngoja sokoni.

Siku ya nikahi Rumaisa alimsimamisha mlangoni, akamtengenezea kilemba chake, akasema kwa upole, "Baba yangu, nimekuombea Mwenyezi Mungu asikuulize neno wakati ambao huwezi kujibu."

Msikitini kadhi akauliza, "Binti ameridhia?" Ulimi wa Shuaibu ukawa mzito. Kadhi akangoja, kisha akasema, "Umenyamaza, Mzee. Nifahamu kwamba ameridhia?"

Machozi yakamtoka. "La, ewe kadhi. Kimya changu si ndiyo, na chake hakikuwa ndiyo. Nilimwuliza akiwa ndani ya sala."

Wageni wakaguna, tajiri akaondoka kwa hasira, na Shuaibu akaivumilia aibu ile mbele ya watu wote.

Aliporudi nyumbani alimkuta binti yake anasali. Akaketi ukingoni mwa mkeka, akangoja mpaka binti akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akauliza upya.

"Simtaki, Baba," akasema Rumaisa, akambusu mkono.

"Nimesikia, mwanangu."

Ndugu zangu wapenzi, wengi wetu hujisifu kwamba wake zetu na mabinti zetu hawana neno. Kabla hujamshukuru Mungu kwa utulivu wa nyumba yako, jiulize kama uliwahi kuketi mkekani ukangoja jibu. Mola atujaalie masikio.