Ngiri Aliyepanda Mlima na Mablanketi Mwilini

Mmeniona nachagua mchele mkadhani nimekosa kazi. Na wewe Mwanakheri, begi umeliacha wazi kama kinywa cha mgonjwa wa meno, unaniuliza huko milimani unakokwenda kwa baiskeli uchukue nguo gani, maana umesikia kuna joto. Mimi baiskeli sijaipanda. Walioanguka nayo ndio nawajua. Haya, nasema ngano moja, kisha mniache. Atakayesinzia atachagua mchele.

Ngano iko mlangoni.
— Ipite, ikae.
Imekuja kwa miguu?
— Imekuja kwa magurudumu.

Hapo zamani palikuwa na Pimbi, kile kinyama cha majabalini, kama sungura aliyesahauliwa masikio. Na palikuwa na Ngiri wa bondeni, meno nje, tumbo mbele. Pimbi ana baiskeli, Ngiri ana baiskeli. Msiniulize nani aliwauzia.

Siku hiyo Pimbi alishuka gulioni kununua mitumba: mablanketi, masweta na kabuti moja. Watoto wake kule juu walikuwa wanalala wamebanana kwa baridi, na mdogo alishaanza kukohoa. Akafunga mzigo kwenye keria kwa mpira, anataka kuondoka, Ngiri huyo.

"Wee Pimbi. Nataka kwenda kwenu kupumzika. Eti kuna joto?"

"Mchana majabali yanakaanga yai, kaka."

Ya jioni hakuulizwa.

"Sasa matambara haya ya nini?" Ngiri akaufungua mzigo wa mwenzake akautupa chini, puu. Gunia moja la mihogo yake iliyochemshwa akaliweka kwenye keria yake, la pili akalifunga kwenye keria ya Pimbi. "Utanibebea hili. Ukibisha nakukanyaga."

Pimbi akayaangalia mablanketi mavumbini. Akaiangalia miguu ya Ngiri. Hakubisha.

"Sawa, kaka. Nakuonea huruma tu, leo kwetu kuna harusi."

"Kuna pilau?"

"Masufuria. Sasa huku kwenu, shughulini analishwa nani vizuri? Si aliyevaa sare? Kwetu wamezidisha. Kila nguo ina sahani yake. Wewe na kaptula yako utapata sahani moja, na ukoko."

Ngiri hakungoja. Akavaa sweta juu ya sweta. Akavaa kabuti juu ya masweta. Akajizungushia mablanketi juu ya kabuti, akajifunga mpira kiunoni. Akawa kama godoro linaloendesha baiskeli.

Wakapanda. Pimbi mbele, kwichi-kwichi. Ngiri nyuma, kwiiichi, kwiiichi. Jasho likamtoka, chururu.

"Pimbi, nakufa na joto. Nivue blanketi."

"Vua, kaka. Ila kila nguo ina sahani yake."

Ngiri akaifikiria sahani. Hakuvua. Kwiiichi, kwiiichi, chururu.

"Pimbi, naona nyota mchana. Nivue sweta."

"Vua. Ila kila nguo ina sahani yake."

Hakuvua. Kona nyingine, kwiiichi.

"Pimbi."

"Sahani, kaka."

Akakaza mpira kiunoni, akakanyaga.

Walifika juu jua linazama. Ngiri akaanguka na baiskeli yake, ulimi nje. "Harusi iko wapi?"

"Umeendesha polepole, kaka. Wamekula, wameosha vyombo."

Pimbi akamvua mablanketi, akamvua kabuti akaliweka kando, akamvua masweta, akawavalisha watoto. Nguo zilinuka ngiri, lakini zilikwisha kupashwa moto. Yule mdogo akalala bila kukohoa.

Ukungu ukashuka. Ngiri na kaptula iliyolowa jasho, meno yakaanza ka-ka-ka-ka.

"Pimbi, si ulisema kuna joto?"

"Mchana, kaka."

"Niazime hata blanketi."

"Ya watoto hayaguswi. Limebaki kabuti. Ila kila nguo ina sahani yake."

Ngiri akapakua sahani ya mihogo.

"Hiyo ya mkono wa kulia. Wa kushoto je? Na kola? Na vifungo, kaka, au unataka kulala kifua wazi?"

Akapakua, akapakua. Watoto wakala, majirani wakaitwa. Ikawa harusi kweli.

Fundisho, Mwanakheri: ukienda kwenye joto jaza mablanketi, mradi umpate mwenye nguvu wa kukuvalia. Na uroho ni mbaya sana, isipokuwa ukiwa wa mwenzio.

Ngano yangu imetoka.
— Imetoka na nini?
Na magunia matupu.

Maana yote mawili yaliishia kwenye vifungo. Asubuhi Pimbi akalichukua kabuti lake, na Ngiri, njaa inamkata, magoti yamelegea kwa pedali, akapiga magoti hapohapo achimbe mizizi ale. Mkimwona bondeni leo, bado anakula kwa magoti.