Moshi Ulioitwa Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Kuna mtu huko nyuma amenong'ona tu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho.

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana simu zilikuwa zimeshafika hata kwa wachunga mbuzi, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Humo aliishi Bibi Namkunda. Hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla yake. Ndiyo desturi yao. Bibi hukwea mlima, hutazama mti wa mgunga, hutazama sisimizi, hutazama ukungu kileleni, ajue kama mvua itadumu. Akishuka, hupiga jembe la kwanza, ti! Kijiji kizima hufuata, ti, ti, ti, mpaka mikono iote malengelenge.

Alikaa na mkaza mwana wake, Nanzia, mjane wa mwanawe. Walipendana wale, usiulize nani alimtunza nani.

Basi mwaka mmoja Bibi alipiga jembe, mvua ikanyesha siku tatu, ikakata. Mtama ukachipua, ukanyauka. Mbegu za watu zikaishia ardhini. Zikabaki za akiba tu, masuke yaliyoning'inia juu ya meko ya Bibi, yakila moshi ili wadudu wasiyaguse. Yakipotea hayo, kijiji kinahama.

Msimu uliofuata, simu ya Nanzia ikalia, ting'. Simu ya jirani yao Kajiru, ting'. Simu zote, ting', ting', ting'. Ujumbe ulikuwa mmoja: mvua itaanza Jumatatu, wakulima waandae mashamba.

Kajiru akaja mbio. "Shikamoo, Bibi. Mvua ni Jumatatu. Tugawie mbegu."

"Marahaba. Ngojeni kwanza."

"Tungoje nini, Bibi? Mlima wenyewe hujaukwea mwaka huu."

Bibi akaingia ndani.

Nanzia akamfuata, akamkuta kwenye kigoda anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza ukutani. Nanzia alikuwa ameona mengi mwezi ule. Mboga ilitiwa chumvi mara mbili. Juzi Bibi alimkaribisha mbuzi wa jirani aketi, akamuuliza na habari za nyumbani.

"Mama," akasema Nanzia, "tangu lini huoni?"

Vidole vikasimama. "Tangu mwaka jana. Niliona cheupe kule kileleni, nikasema ukungu huo. Kumbe watu walikuwa wanachoma majani upande wa pili. Ulikuwa moshi, mwanangu. Harufu yake niliisikia jioni, jembe limeshapigwa, nikanyamaza."

Akalia. Nanzia naye akalia, maana alimpenda, na hakuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika mwanawe.

Asubuhi Nanzia akakwea mlima peke yake. Akaupiga picha mgunga. Akapiga kichuguu cha sisimizi. Akapiga kilele. Akashuka anahema, ha, ha, ha. Akaiweka simu karibu na pua ya Bibi, akaivuta picha kwa vidole viwili. Ikakua, ikakua, mpaka chipukizi moja likajaa kioo kizima.

"Nimeliona," Bibi akasema polepole. "Nanzia, nimeliona." Akaligusa, picha ikamkimbia, akacheka hadi kikohozi kikamshika.

Kisha akaangalia moja moja. "Matawi ya chini yamechipua, ya juu makavu. Hiyo mvua ya Jumatatu itakuja kweli, lakini ni ya kupita. Anayetuma ujumbe anakaa wapi?"

"Mjini, Mama, kule tambarare."

"Basi siku anaijua. Huu mlima wetu hajaujua. Niitie watu."

Watu wakaja. Bibi akasimama, ameshika bega la Nanzia, akasema yote. Moshi, macho, mbegu zao. Kajiru, aliyepoteza shamba zima mwaka ule, akainamisha kichwa muda mrefu. Nanzia akaogopa.

"Sasa, Bibi," akasema Kajiru, "nani atatutazamia?"

"Ninyi. Mimi nitawaambia mtazame nini."

Jumatatu mvua ikaja, chwaaa! Watu mikono ikawawasha. Bibi akasema ngojeni. Siku ya tatu ikakata. Jua likawaka siku tisa. Kila asubuhi mtu mmoja alikwea na simu, akashuka na picha, na Bibi akauliza, "Juu je? Kuza. Kuza tena." Siku ya kumi simu zikalia, ting', ting', ting': mvua kubwa inakuja, nayo itadumu. Asubuhi ile ile Kajiru akaleta picha. Matawi ya juu nayo yamechipua. Sisimizi wanapandisha mayai juu ya mawe. Bibi akaitazama, akaitazama.

"Shusheni masuke," akasema.

Shambani, Bibi akalishika jembe, lakini hakulipiga. "Naogopa," akamwambia Nanzia. "Nikikosea tena?"

Kajiru alikuwa nyuma yao, akasikia. "Hiyo picha nimepiga mimi, Bibi. Tukikosea safari hii, tumekosea wote."

Nanzia akaweka mikono yake juu ya mikono ya Bibi. Ti! Na nyuma yao, ti, ti, ti. Mvua ikashuka, haikukata mpaka mtama ukawapita watu kimo.

Wanangu, wako wanaosema simu ndiyo iliyokiokoa kijiji kile, na wako wanaosema ni mgunga. Mimi nilisimuliwa na Nanzia mwenyewe. Simu ilijua siku, Bibi alijua mlima, lakini mbegu zile zingepotea ardhini kama bibi yule angeona haya kusema mbele ya watu, "Sioni." Ukijua jambo, wafundishe wenzako. Ukishindwa, waambie, wakushike mkono.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayetaka kwenda nayo nyumbani, aichukue.