Baiskeli Yenye Fundo la Majani

Kaeni niwatajie watu watatu kwa majina yao kamili, kwa maana mtatakiwa kuwahukumu.

Wa kwanza ni Sechelela binti Nhonya, aliyeweza kuona nyayo juu ya mwamba. Wa pili ni Chibago Masinga, si yule Chibago mpiga zeze wa hadithi nyingine. Huyu mikono yake ilifufua kila kilichovunjika. Wa tatu ni Mbijili Lechipya, mwenye miguu isiyochoka.

Waliishi Chilanjizi, mwaka ambao mvua ilikataa kwa mara ya pili. Wenye nguvu walikwisha kuhamia mtoni, mbali sana. Walibaki wale waliokuwa na mtu asiyeweza kutembea. Sechelela alikuwa na mama aliyepooza, Chibago alikuwa na binti mdogo mwenye miguu iliyolemaa, na mke wa Mbijili alikuwa na mimba iliyomlaza chini. Kwa njaa ile, hakuna aliyeweza kumbeba mwenzake mgongoni.

Sechelela, akichimba mizizi porini, aliona baiskeli imeegemezwa kwenye mgunga. Usukani ulifungwa fundo la majani. Kwa desturi yao, kitu chenye fundo kina mwenyewe atakayerudi; hakiguswi mpaka mvua iliozeshe fundo hilo. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Mvua yenyewe imetutupa. Laana ikija, na inikute mimi." Akalifungua.

Chibago alipoletewa baiskeli, alimwambia Sechelela kwamba amemletea mifupa. Tairi zilikuwa zimepasuka na cheni imekatika. Alizijaza tairi majani makavu, akazishona kwa ngozi ya ng'ombe wake wa mwisho. Cheni aliiunga kwa misumari aliyoing'oa mlangoni kwake, na tangu hapo nyumba yake ikalala wazi.

Mbijili peke yake ndiye aliyejua kuiendesha. Alivuka mchanga unaounguza mpaka mtoni, akarudi na madumu ya maji wakati wagonjwa hawaitiki tena wakiitwa. Wote wakanywa.

Lakini alirudi na habari pia. Mto nao unakauka, na lori la mwisho la kuwahamisha watu litaondoka huko kesho yake. Chibago akazipapasa tairi. Mishono ilikuwa inaachia. Baiskeli ingekwenda safari moja tu, na keria ingepakia mtu mmoja nyuma ya Mbijili.

"Bila macho yangu mngegombea nini?" Sechelela aliuliza.

"Macho yako yaliona vyuma, dada. Baiskeli niliifanya mimi."

Mbijili akajibu, "Maji niliyoleta ndiyo yanayowapa sauti ya kubishana."

Yule mama aliyepooza akasema kutoka ndani, "Niacheni mimi. Mpakieni mwenye mimba."

"Hukuulizwa, mama," alijibu Sechelela.

Mke wa Mbijili akasema hatapanda huku mtoto wa mwenzake akiachwa chini. Binti wa Chibago alikuwa amejikokota mpaka kwenye baiskeli, na ameishika keria kwa mikono miwili.

Hapo ndipo walipo, na jua linapanda. Mmoja alijitwika laana, mmoja alivunja nyumba yake, mmoja aliwarudishia uhai.

Je, ninyi mngempakia nani? Na ukishaamua, wewe uliyeamua, ungeingia nyumba ipi kwanza kuwaaga wanaobaki?