Mabibi Waliosusa

Paukwa!
— Pakawa!
Nani kasusa?
— Bibi kasusa!
Tumwache asuse?
— Hatuwezi!

Basi hapo kale, wala si kale sana, kule Pangani alikuwako Bi Mwanakheri na mjukuu wake Mbaruku, jitu zima lenye ndevu. Mchumba kamwacha, naye kajilaza. Asubuhi kalala. Adhuhuri kalala. Jioni kalala, kageukia ukutani. Bibi akamtania, "Mume wangu, amka!" Wapi! Bi Mwanakheri akaingiwa na hofu: mtoto nimemlea kwa mikono yangu, leo ananifia hivihivi naona?

Akamwendea jirani yake Ba Kanta, bibi wa Kihindi mwenye duka; Ba kwao ndiyo bibi. Akamkuta naye anamlilia mjukuu wake, Hansa. Binti yuko dukani tangu alfajiri, hafungi, hali, anatafuna karanga kasimama, kabaki mifupa.

"Wangu hanisikii," akasema Bi Mwanakheri.

"Wangu je?" akasema Ba.

Wakatazamana. Wakacheka. "Tususe!"

Kila mmoja akafunga kifurushi, akanuna, akahamia kwa mwenzake.

Mbaruku kufumbua macho, anamwona Ba kakaa kwenye kitanda cha bibi yake.

"Bibi yako kasusa, yuko kwangu. Mimi nimesusa, niko kwako. Nina njaa."

Mgeni huyo, tena mtu mzima! Wewe ungemgeuzia mgongo? Mbaruku akainuka, akampashia mchuzi wa samaki.

"Samaki!" Ba akapiga ukelele. "Mimi na samaki wapi na wapi? Nataka dengu!"

Nyumba nzima hamna dengu. Jamani, ikabidi aoge. Ikabidi avae. Ikabidi aende sokoni!

Huku nako Hansa kampelekea Bi Mwanakheri sahani, anataka kukimbilia dukani.

"Unakwenda wapi? Sisi hatuli peke yetu. Kaa mkekani."

"Bibi, wateja..."

"Basi sili."

Hansa akafunga duka. Akakaa. Akala, akashiba, akasinzia palepale.

Mara, "Hodi! Hansa, dengu zinaungwaje?"

Sauti ya Mbaruku! Bi Mwanakheri akaacha tonge, machozi yakamtoka.

"Bibi, rudi," akasema Mbaruku mlangoni. "Nyumba bila wewe siiwezi."

"Utajilaza tena?"

"Na Ba yule mle ndani? Thubutu!"

Bi Mwanakheri akarudi mbio na kifurushi chake. Akamkuta Ba kajinyoosha kitandani, kijiko mkononi.

"Mwenzangu, kususa kumekwisha. Nenda kwako."

"Kwako wewe kumekwisha," akasema Ba. "Kwangu mpaka dengu ziive."

Hapo hadithi imekunja mkeka wake. Na wewe uliyejilaza huko nyuma, amka, bibi yako ana njaa!