Chupa ya Saba na Mbwa Kumi na Saba

Niazimeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Nitayarudisha yakiwa na swali ndani yake.

Huko milimani Upareni, vijana watatu walijitolea katika ofisi ya mifugo ya kata. Nakundwa alijaliwa mpangilio. Hata vijiko vya kwao havikuthubutu kulala ovyo. Mbonea alijaliwa kuuliza, hadi watu wakawa wanabadili njia wakimwona. Kirumbe alijaliwa miguu isiyochoka na ulimi usiojua kuficha.

Asubuhi moja, Mama Kisaka, daktari wa mifugo, aliwaita. "Wanangu, tunachanja mbwa wa kata nzima dhidi ya kichaa. Nataka kumbukumbu zikae ndani ya kompyuta, si katika daftari la kuliwa na panya. Atakayestahili nitamwandikia barua ya chuo cha mifugo. Kila kata hupewa barua moja tu."

Nakundwa akahesabu miezi kwa vidole. Chuo hakikupokea aliyetimiza miaka ishirini na mitano, naye alibakiza miezi minne.

Akaketi akichora, akifuta, akichora tena. Hakutaka habari za chupa ya chanjo zirudiwe kwa kila mbwa, zije zikosewe huku na kusahihishwa kule. Akatenga majedwali mawili: moja la chupa, kila chupa na namba yake, siku ya kufika na siku ya kuisha nguvu, la pili la mbwa, nao kila mmoja na namba yake, maana akina Simba peke yao walikuwa tisa. Kisha, kando ya kila chupa, akachora visanduku kumi vya kuandikia mbwa, kwa kuwa chupa moja ilitosha mbwa kumi.

Mbonea akachungulia begani pake. "Dada Nakundwa, mbwa wa kumi na moja atalala wapi?"

"Hayupo. Chupa ni ya mbwa kumi."

"Wakileta chupa kubwa zaidi?"

"Wewe Mbonea, siku uliyozaliwa ulimuuliza mkunga jina lake?"

"Nilimuuliza, akanyamaza. Sasa jibu wewe."

Nakundwa akamsogezea kalamu. Mbonea akavifuta visanduku vyote: chupa isibebe mbwa, bali kila mbwa abebe namba ya chupa yake. Hivyo mbwa atakuwa na chupa moja, na chupa itakuwa na mbwa wengi kadiri itakavyowatosha. Nakundwa aliona kuwa ni kweli, na ukweli huo ukamkera. Wiki iliyofuata zikaletwa chupa za dozi ishirini.

Kirumbe naye akazunguka nyumba mia mbili. Kila sindano aliiandikia namba ya chupa palepale, kabla mkono haujaachia shingo ya mbwa.

"Bibi Nanzia, mbwa wako anaitwa nani?"

"Hayawahusu."

"Haya. Hayawahusu, chupa ya saba."

"Mbona hucheki? Jirani zangu hununa wakisikia."

"Nitacheka nikimaliza kuandika, bibi."

Siku ya tatu ya kuchanja, Kirumbe akasimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi. "Mama, chupa ya saba niliisahau juani tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikimkimbiza mbwa aliyekata kamba. Kisha nikaendelea kuchanja nayo."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

Mama Kisaka akashusha pumzi. Chanjo iliyopigwa na jua haikingi kitu. "Nakundwa, ni mbwa gani hao?"

Nakundwa akaandika namba saba tu kwenye kompyuta. Majina kumi na saba yakajipanga kiooni, na nyumba zao. Kabla jua halijazama, wote walikuwa wamechanjwa upya.

Wiki ya sita, mbweha mwenye kichaa akashuka hadi njia ya shule. Hayawahusu akamkabili mbele ya watoto, akang'atwa, akamshinda. Akafungwa siku arobaini na tano akichunguzwa. Akatoka mzima, akibweka kwa majivuno yaleyale.

Ikabaki barua. Nakundwa alikuwa amebakiza siku kumi na mbili.

"Hayawahusu alikuwa wa kumi na nne katika chupa ile," akasema Mbonea. "Katika visanduku kumi angepotea."

"Na bila kinywa changu, nani angemtafuta?" akauliza Kirumbe.

"Bila mkono wako, chupa isingeonja jua!" akajibu Mbonea.

"Mkono umekosa, kinywa kimelipa."

Nakundwa akafungua mdomo kusema kwamba pasipo majedwali yake, Mbonea asingekuwa na cha kuuliza wala Kirumbe mahali pa kuandika. Akavikumbuka vile visanduku kumi. Akaufunga. Akazihesabu tena siku zake, akaufungua tena.

Kalamu ya Mama Kisaka ingali hewani, na nafasi ya jina ni moja. Chukueni masikio yenu, nanyi mniambie: ingekuwa kalamu ile i mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani?