Mstari Mweupe wa Bi Kindi

Kacha-kacha, kacha-kacha, pwaa!

Mmesikia? Usiku wa manane, watu wamelala, mbwa wamelala, hata mbu wamechoka, na mlio ni huo huo: kacha-kacha, kacha-kacha, pwaa! Msiogope, hauko nje, uko kwenye hadithi. Nadhani. Hebu Somoe, wewe uliye karibu, sukuma mlango kidogo. Haya.

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na mlango!

Uko wazi au umefungwa?

— Umefungwa, sema!

Nasema basi, tena upesi upesi, kabla mtoto hajaamka.

Hapo kale, kando ya mto, alikaa Kiboko. Kiboko huyu alikuwa na tumbo, jamani, tumbo lilifika ugenini kabla yake. Na alikuwa na kibuyu. Ndani ya kibuyu mna komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao. Jua likizama anakitikisa, kacha-kacha, kacha-kacha, anamwaga mchangani, pwaa! Kisha anauliza:

"Jozi au mpweke?"

Watu wanataja. Komwe zinapangwa mbili mbili. Zote zikipata mwenza, ni jozi. Ikibaki moja peke yake, ni mpweke. Aliyetaja sawa anabeba chakula chote kilichowekwa, na Kiboko anachota konzi yake moja tu, ya kushika kibuyu. Konzi ya kiboko lakini! Pimeni wenyewe.

Leo Kanga wakishinda, Kiboko anakula. Kesho Ngedere wakishinda, Kiboko anakula. Kesho kutwa Kindi wakishinda, Kiboko anakula.

Mtasema walikwenda kwa njaa. Wapi! Kanga walikwenda kwa sababu Kanga wanakwenda. Ngedere walikwenda kwa sababu Ngedere wanakwenda. Kindi walikwenda kwa sababu, je, Kindi abaki nyuma? Kila ukoo una mahali pake pa kukaa na wimbo wake wa kuimba. Kindi mmoja akishinda, Kindi wote wanacheza. Kindi mmoja akishindwa, Kindi wote wanachanga tena, Kanga wasije wakacheka. Na Kiboko, mchochezi yule, ukimya ukizidi anaguna:

"Hmm. Nyie Kindi, eti Kanga wanasema nyie ni mikia tu, ndani hamna kitu."

Basi! Magunia yanaletwa mbio mbio.

Kati ya hao alikuwapo Bwana Kindi, mume wa Bi Kindi, baba wa watoto wanne. Nyumbani kwao walikuwa na mashimo matatu ya akiba, njugu, kunazi, mtama, ya kuwavusha watoto kiangazi. Na kiangazi cha huko si mchezo, hata panzi hutafuna mguu wake. Shimo la kwanza likaenda mtoni. Shimo la pili likaenda mtoni. Likabaki moja.

"Baba watoto," akasema Bi Kindi, "leo usiende."

"Nisiende vipi? Kindi wote wako pale."

"Kindi wote wana watoto wanne na shimo moja?"

"Mke wangu, nielewe. Nikikaa humu ndani wataniitaje? Wataniita panya!"

Na kindi, mwite mwizi, mwite mchafu, usimwite panya.

Bi Kindi akalia. Mume akaenda. Bi Kindi akagomba. Mume akaenda. Bi Kindi akaukalia mkia wa mume. Mume akauchomoa, fyu! akaenda.

Usiku Bi Kindi halali. Anasikia kacha-kacha, kacha-kacha kule mtoni, na moyo wake unajibu du-du-du, du-du-du. Anapapasa watoto gizani: mmoja, wawili, watatu, wanne. Anawapapasa tena, kama vile huenda nao wamechukuliwa wakawekwa mchangani. Akawaza, akawaza, mara akakumbuka arusi ya binti wa Bi Kanga.

Arusi ile sare ilikuwa unyoya wa buluu kichwani. Bi Kanga, mama wa arusi, alimaliza mtama wa nyumba nzima kuutafuta unyoya wa buluu. Ulimpendeza? Haukumpendeza hata kidogo, alifanana na jogoo mgonjwa. Ila wenzake walikuwa nao.

Bi Kindi akakaa kitako. "Aaa," akasema.

Alfajiri akachimba udongo mweupe. Akajipaka mstari mmoja ubavuni, umenyooka, mzuri. Akawapaka na watoto wanne. Jioni, watu wamejaa mtoni, akapita nao katikati, tii, tii, tii, shingo juu, salamu fupi, macho mbele. Hakusema kamari mbaya. Alipita tu.

Bi Kanga akaacha kutazama komwe.

"We Bi Kindi! Hiyo sare ya nini?"

"Sare gani, shoga yangu? Hakuna sare."

"Si huo mstari!"

"Ah, huu? Huu ni wetu tu." Akavuta watoto. "Twendeni, wanangu, wenzetu wanatungoja."

Wenzetu! Bi Kanga usiku ule usingizi haukumjia. Akina nani hao? Wako wangapi? Mbona mimi sikualikwa? Kulipokucha yuko mlangoni kwa Bi Kindi.

"Shoga, mimi na wewe tumetoka mbali. Niambie."

"Nitakwambiaje? Ni siri."

"Sitamwambia mtu mwingine. Nife!"

Bi Kindi akachungulia huku, akachungulia huku. "Haya. Sisi wenye mstari hatuendi kwenye kibuyu. Jioni tunakaa pamoja, tunabangua njugu, tunaimba, tunawacheka wanaokwenda. Ukienda mara moja tu, mstari unafutwa. Lakini tafadhali, Bi Kanga. Wakijaa wengi haitapendeza."

Akampaka. Bi Kanga akatoka pale taratibu, kisha mbio, na huku anakimbia anawaambia Kanga wenzake, "Kwa siri! Kwa siri! Kwa siri!" Mpaka leo msikilizeni kanga porini, ndiyo kelele yake hiyo.

Siku ya pili Kanga wote wana mstari. Siku ya tatu Ngedere wakasema, Kanga wana nini hata sisi tusiwe nacho? Wakapakwa. Siku ya nne wakaja Nungunungu, wakapakwa kwa kijiti kirefu, kwa mbali. Siku ya tano na ya sita wakaja Kindi, mmoja mmoja, kila mmoja akisema yeye wa mwisho kusikia, aibu iliyoje. Na kweli jioni walikaa pamoja kwa Bi Kindi, wakabangua, wakaimba, na asiye na mstari wakamwonea huruma.

Aliyebaki ni nani? Bwana Kindi. Mume wa nyumba yenyewe! Maana Kiboko alimshika bega akamwambia, "Waache hao. Wewe ndiye Kindi wa kweli." Na mwanamume ukimwambia hivyo, amekwisha.

Siku ya saba Bi Kindi akaenda kwenye shimo la tatu kuchota njugu za jioni. Akatia mkono. Akatia mkono wote. Tupu.

Watoto wanne. Kiangazi kesho kutwa. Na kule mtoni, kacha-kacha, kacha-kacha...

Kule mtoni Bwana Kindi ameketi na gunia lake, Kiboko ameketi na kibuyu chake. Wawili tu. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuweka, safari hii Kiboko akaweka gunia lake mwenyewe.

Pwaa!

"Jozi au mpweke?"

"Mpweke."

Wakapanga mbili mbili, mbili mbili. Ikabaki moja.

Bwana Kindi ameshinda! Akaruka juu, akageuka kulia walikokaa Kindi, ngoma ianze. Hakuna mtu. Akageuka kushoto awakebehi Kanga. Hakuna mtu. Alama za makalio tu mchangani.

"Hongera," akasema Kiboko, akapiga mwayo.

Kutoka kwa Bi Kindi upepo ukaleta wimbo, watu wote, Kindi wote, na kicheko. Bwana Kindi akasikiliza. Akalitupa gunia lake begani, akaenda. Hata lile aliloshinda alilisahau.

Akafika mlangoni. Akalirudisha gunia shimoni mwenyewe, gubu! Kisha akageuza ubavu.

"Nipake."

"Nani kakwambia habari za mstari?" akauliza Bi Kindi, na mkono umeshafika kwenye udongo.

"Bi Kanga. Kwa siri."

Nimewaambieni imekwisha? Bado! Siku saba zikapita, asubuhi moja ardhi ikatikisika, tindi, tindi, tindi. Kiboko huyo mlangoni.

"Nipakeni na mimi."

Watoto wakajificha chini ya mama. Bi Kindi mwenyewe alikuwa anatetemeka mpaka masharubu, lakini akasema, "Karibu, mzee wangu. Tatizo ni kiingilio tu."

"Kiingilio gani?"

"Kila mmoja alirudisha alichokipata kwenye kibuyu."

Uongo! Hakuna aliyerudisha, hakuna aliyekuwa na cha kurudisha. Lakini Kiboko siku saba amekaa peke yake, siku saba anauliza jozi au mpweke na anajibiwa na vyura. Akaenda nyuma ya matete akatoa njugu, akatoa mtama, akatoa kunazi, akatoa hata gunia la Bwana Kindi lililosahauliwa. Rundo likawa kilima. Watu wakabeba, mashimo yakajaa, la kwanza, la pili.

Wakampaka. Mstari mrefu, ndoo tatu za udongo.

"Sasa ni mwenzetu," akasema Bi Kindi. "Ila angalia, ukiingia majini utafutika, na aliyefutika anaanza upya."

Kiboko akakaa juani anatabasamu. Saa tatu, anatabasamu. Saa nne, ngozi inawasha. Saa tano, inawaka. Saa sita, chubwiii! Akaibuka msafi kama sahani.

"Nipakeni tena."

"Kiingilio?"

"Sina tena kitu!"

"Si una kibuyu?"

Akatoa kibuyu. Wakampaka. Chubwiii! Mpaka leo kiboko mchana kutwa yuko majini, ametoa macho na masikio tu, na hutoka usiku, asije akaonekana hana mstari. Na kindi wa ardhini, mtazameni ubavuni, anao. Kibuyu chenyewe walikitoboa wakakifanya cha kuchotea maji.

Usiku ule Bwana Kindi akamnong'oneza mkewe, "Hiki chama, hebu niambie kweli, mlianza wangapi?"

"Watano."

"Akina nani?"

"Mimi na hawa wanne. Na huyu mdogo alilia, udongo ulimwasha."

Bwana Kindi akacheka mpaka akaamsha watoto.

Hadithi yangu imefika nyumbani, imevua viatu, imelala. Na funzo lake ni hili, mlishike: mtu asifuate wenzake, kila mtu afuate akili yake mwenyewe. Wote tumekubali? Wote kwa pamoja? Vizuri. Asiyekubali si mwenzetu.

— Tumekubali! Lakini shoga, ngoja. Huo uzi mweupe kwenye pindo la leso yako wa nini? Mbona na Bi Mkasi, jirani yetu, anao?

Upi, Somoe? Aah, huu? Huu ni wetu tu.

— Wenu na nani? Niambie, jamani! Sitamwambia mtu mwingine. Nife!